Gari Linalozima Njiani na Kuwaka Mbele ya Fundi

Hakuna ubovu wa gari unaokula fedha za mtu kama ule usiokaa mahali pamoja. Gari likifa moja kwa moja, fundi atafungua, atapima, ataona. Lakini gari linalozima Mang'ula saa nane mchana, likakataa kuwaka kwa nusu saa, kisha likawaka lenyewe na kuingia gereji Ifakara likinguruma vizuri, hilo ndilo linalomtoa fundi jasho. Wiki hii anabadilisha plagi. Wiki ijayo koili. Mwezi ujao pampu ya mafuta, tena ya mtumba. Gari bado linazima, na mwenye gari ameshaanza kuamini kwamba limerogwa.

Nawaandikia wenye Noah, Probox, IST, Carina na RAV4 za petroli katika bonde la Kilombero, magari ambayo kazi yake ni kubeba watu, mchele, kuku na wagonjwa, na ambayo yakizima njiani hayamkwamishi mwenyewe peke yake. Ninachotaka kusema ni kimoja: usinunue spea yoyote kabla hujajua gari lako linazima katika hali gani. Watu wa Ifakara tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mji huu umekuwa na watafiti wa malaria kwa miongo mingi, na kila mama hapa anajua kwamba homa inayokuja na kuondoka haitibiwi kwa kubahatisha. Mtoto anapimwa damu kwanza. Gari nalo lipimwe kwanza.

Kipimo cha mwanzo hakihitaji mashine. Chukua daftari dogo, liweke kwenye gari pamoja na kalamu. Kila gari linaposita au kuzima, andika: injini ilikuwa ya moto au ndiyo kwanza imewaka asubuhi? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Mvua ilinyesha, au ulipita kwenye maji? Ulikuwa unapanda, unashuka, au umesimama? Feni ya baridi (AC) ilikuwa imewashwa? Taa ya injini iliwaka? Ulipojaribu kuwasha tena, stata ilizunguka? Ilichukua muda gani hadi likawaka? Matukio manne au matano yakishaandikwa hivyo, mara nyingi utaona jambo moja linajirudia katika kila tukio, na hilo ndilo la kumpelekea fundi.

Kuna swali moja ninaloliweka juu ya mengine yote: gari lilizimaje? Kama lilikata moto ghafla, mshale wa mzunguko wa injini ukaanguka kama mtu aliyezima kwa funguo, basi anza kutafuta upande wa umeme: sensa, relei, swichi ya funguo, waya uliolegea. Kama lilianza kukohoa, likapoteza nguvu, likavutavuta kwa mita mia kadhaa ndipo likazima, anza na mafuta au hewa. Si sheria isiyovunjika, ila inapunguza nusu ya kazi. Ajabu ni kwamba dereva ndiye shahidi pekee wa dakika hiyo, na mara nyingi akifika gereji anasema tu, "Fundi, gari linazima."

Pia tenganisha matatizo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Gari "haliwaki" kwa namna mbili: ama stata haizungushi injini, ama inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Mtu mwenye tatizo la kwanza hana sababu ya kugusa pampu wala plagi.

Stata isipozunguka, sikiliza. Milio midogo midogo ya haraka, huku taa za dashibodi zikififia, ni betri dhaifu au vichwa vyake vimeshika kutu. Mlio mmoja mzito, "ta!", na taa zinabaki zinang'aa, hapo shaba za ndani ya stata zimelika, au waya wake mkubwa haupitishi umeme ipasavyo. Kimya kabisa kwenye gari la otomatiki: jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likiwaka kwa N tu, swichi ya gia ndiyo inayosumbua. Na kama funguo yako ina chipu, tazama taa ndogo ya ulinzi kwenye dashibodi. Ikiendelea kupepesa baada ya kuweka funguo ON, kompyuta inaweza kuwa haijaitambua funguo.

Joto la bonde letu huzeesha betri haraka. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na chaji kama nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6 hivi, na injini ikishawaka, chaji ya altaneta iwe kati ya 13.8 na 14.5. Mita ya umeme si ghali, na kila mwenye gari la biashara anapaswa kuwa nayo. Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka ni hiki: weka ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umeoza au nati yake imelegea, na betri mpya haitakusaidia chochote. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unatolewa kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi. Fungua upande wa hasi kwanza, na uufunge mwisho.

Sasa tuje kwenye ubovu unaotesa watu wengi zaidi: stata inazunguka kwa nguvu, injini haishiki, halafu baada ya kupoa inashika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukisikia gari linazima likiwa la moto na kuwaka likipoa, mtuhumiwa wa kwanza awe sensa ya krenki. Sensa hii ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, na kwa kasi gani. Bila habari hiyo kompyuta haitoi moto kwenye plagi wala haifungui nozeli, kwa hiyo injini hukata ghafla, bila kukohoa. Aina nyingi za sensa hizi zina koili ya waya mwembamba sana ndani. Waya huo ukichanika kidogo, kwenye baridi ncha zake hugusana, na joto likipanda hutanuka na kuachana. Kwa hiyo ukilipeleka gari kwa fundi limepoa, kila kitu kinapima vizuri. Kipimo lazima kifanyike wakati gari limekataa.

Siku likikataa, fanya hivi. Piga stata huku ukitazama mshale wa mzunguko. Kwenye magari mengi mshale huo hucheza kidogo injini inapozungushwa. Ukilala kabisa bila kutikisika, tuhuma inakuwa nzito. Ukiwa na mashine ya kupimia, soma mzunguko wakati wa kupiga stata. Sifuri maana yake kompyuta haioni krenki. Kisha zima, toa funguo, loweka kitambaa kwa maji na ukiweke juu ya sensa kwa dakika chache. Kwenye injini nyingi za Toyota za petroli sensa hiyo iko chini, karibu na puli ya krenki, na kuifikia ni shida, kwa hiyo mikono isiingie huko injini ikizunguka. Likiwaka mara baada ya kupozwa, umepata jibu kwa maji ya chupa moja. Sensa ya kamu nayo huweza kuleta visa vya namna hiyo, ingawa injini nyingi huendelea kuwaka bila hiyo, ila kwa kuchelewa.

Relei nayo huchoka na joto. Habari njema ni kwamba kuijaribu ni bure: kwenye boksi la fyuzi kwa kawaida kuna relei nyingine yenye namba na umbo lile lile, pengine ya honi au ya feni. Zibadilishane nafasi. Ugonjwa ukihama, umeipata. Swichi ya funguo pia isisahauliwe, hasa kwa wale wanaotundika funguo za nyumba, za ghala na za pikipiki kwenye mnyororo mmoja. Kwenye kila shimo la barabara mzigo ule unavuta swichi, na ikishalika, umeme wa injini unakatika kwa sekunde moja kwenye tuta. Jaribu kuitikisa funguo taratibu gari likiwa limesimama linanguruma. Likisita, hapo hapo.

Upande wa mafuta, swali la daftari lenye thamani kubwa ni la tangi. Pampu ya kisasa inakaa ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Mtu anayetembea kila siku na mafuta ya elfu kumi, taa ya akiba ikiwaka muda wote, anaipika pampu yake. Kama gari linasita hasa tangi likiwa chini ya robo, na mchana wa jua, na likijazwa linatulia, pampu inaelekea mwisho au chujio lake limeziba. Fundi apime presha badala ya kukisia: injini ya 1NZ iliyomo kwenye Probox na IST nyingi inataka kama psi 44 hadi 50. Presha iangaliwe gari likiwa la moto na likiwa linavuta. Pampu mbovu inaweza kusoma vizuri kwa dakika tano za asubuhi.

Tahadhari moja kwa wanaosikiliza pampu kwa sikio. Kwenye magari mengine, ukiweka funguo ON pampu huvuma sekunde mbili. Kwenye Toyota nyingi haivumi mpaka injini izungushwe. Watu wametupa pampu nzima kwa kutolijua hili.

Mafuta yenyewe nayo. Zamani hofu kubwa ilikuwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na ndiyo sababu EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kisha mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na mchanganyaji akose faida. Kwa hiyo leo, ukinunua petroli ya dumu au chupa huko vijijini, mimi ningeshuku maji na uchafu kabla ya mafuta ya taa. Dumu lililokaa nje msimu wa masika hupata maji hata bila mtu mwenye nia mbaya. Chukua kidogo kwenye chupa safi ya glasi, ifunike, iache itulie mbali na moto: maji yatakaa chini, mstari utauona kwa macho. Ukishuku mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hupotea. Mafuta ya taa huacha doa la ukungu. Na ukishika njia ya Mngeta na Mlimba, jaza Ifakara.

Kusita wakati wa kukanyaga mafuta, bila kuzima, ni ugonjwa wa namna nyingine, na huku kwetu mara nyingi huanza na vumbi. Lami imefika Ifakara kutoka Kidatu, lakini ukivuka Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro utakutana bado na vipande vya udongo ambapo kiangazi gari la mbele linakufunika usione kitu. Vumbi lile linaingia kwenye ekilina, na kama ekilina imechanika au haikukaa sawa kwenye boksi lake, linaenda kukaa kwenye sensa ya hewa. Ule uzi mdogo wa ndani ukivaa koti la vumbi, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli kidogo, na gari linapokanyagwa linavuta pumzi kwanza ndipo liondoke. Sensa hiyo inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza tu. Kitambaa, brashi au kidole vitaikata. Nimeona mtu akiipuliza kwa kompresa ya matairi, na baada ya hapo ikawa ya kutupa kweli.

Kwa kujaribu, chomoa soketi ya sensa ya hewa injini ikiwa imezimwa, kisha uendeshe taratibu mahali salama. Kompyuta itatumia makadirio yake. Kama gari linakuwa jepesi kuliko lilivyokuwa, sensa ndiyo. Kama hakuna tofauti, rudisha soketi na utazame mipira ya hewa kati ya ekilina na injini. Ikunje kwa mkono. Mpira uliopikwa na joto kwa miaka kumi na tano Japani na Tanzania una nyufa ambazo hazionekani mpaka uukunje, na hewa inayoingia hapo haikupita kwenye sensa. Gari la namna hiyo hupandisha na kushusha mzunguko lenyewe likiwa limesimama. Likizima kila ukiwasha feni ya baridi au ukikata usukani, throto imejaa masizi, na kuisafisha ni kazi ya asubuhi moja. Kwenye throto ya umeme, baada ya kusafishwa gari linaweza kunguruma vibaya hadi kompyuta izoee upya, kwa hiyo usimrukie fundi siku ile ile.

Koili na plagi hujitambulisha kwenye mzigo. Gari linalotembea vizuri tambarare ya mashamba ya mpunga halafu linamisi likianza kupanda Mahenge na abiria wote ndani, hilo lina moto dhaifu au mafuta hafifu. Fundi abadilishane koili kati ya silinda mbili. Kosa likihama na koili, nunua koili moja, wala si nne.

Masika huleta kesi zake. Kwenye injini za zamani zenye distribyuta, kama zile za Carina na Corolla za miaka ya 1990, unyevu wa asubuhi unaingia chini ya kifuniko na gari linakataa kuwaka mpaka jua litoke. Funua, kausha, tazama kama kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele ndani ya kifuniko. Huo ni ufa unaopitisha umeme. Usiku, mahali penye giza totoro, fungua boneti injini ikinguruma na unyunyizie ukungu wa maji kwenye nyaya za plagi bila kuzigusa. Ukiona cheche za buluu zinaruka pembeni, nyaya zimekwisha. Dakika hizo mbili za giza zinaonyesha ambacho mchana hakionekani.

Halafu panya. Bonde la mpunga ni bonde la panya, na gari linalolala karibu na ghala au kibanda cha mchele linawapa nyumba yenye joto juu ya injini. Wanakata nyaya nusu, shaba inabaki imeshikana kwa nyuzi mbili, na gari linasita kila likitikisika. Fungua boneti mara moja kwa wiki, tafuta makapi, vinyesi na alama za meno. Ukiwa na tuhuma, acha gari linanguruma, kisha shika fungu moja moja la nyaya ulitikise taratibu, kuanzia kwenye soketi za sensa kurudi nyuma, mbali na mikanda na feni. Injini itakapostuka, mkono wako uko pale pale palipo na ubovu.

Kuhusu mashine za kupimia. Ni nzuri, na taa ya injini ikiwaka usikubali mtu aifute kabla ya kuandika namba iliyotoka. P0335 ni mzunguko wa sensa ya krenki, P0340 wa kamu, P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, P0301 hadi P0304 ni silinda inayomisi. Lakini namba haisemi spea gani inunuliwe. P0335 inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya yule yule. Na vile vimashine vidogo vya kuunganisha na simu havisomi kila gari lililotoka soko la Japani, hasa la zamani. Kikikataa kuunganika, usidhani kompyuta ya gari imekufa.

Mpaka ubovu upatikane, gari hilo lisipelekwe Morogoro. Kutoka huku, baada ya Mikumi mjini utapita kilomita kama 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na huko gari likizima hushuki kufungua boneti: kuna simba, tembo na malori. Kwa mgonjwa au kwa safari isiyosubiri, panda basi.

Ukienda kwa fundi, mpe daftari lako na umwambie utalipa kazi ya kupima hata kama hakuna spea itakayonunuliwa. Mafundi wetu wengi wanakimbilia kubadilisha kwa sababu mteja hulipia kitu anachokiona kwa macho na hugoma kulipia saa mbili za kutafuta. Kubalianeni bei ya saa hizo kabla hajaanza. Kama gari halikatai akiwa nalo, liache kwake, naye aliendeshe katika hali ile ile iliyoandikwa: mchana wa jua, robo tangi, feni ya baridi imewashwa, akizunguka jirani na mjini. Spea ikibadilishwa, ichukue ya zamani uende nayo nyumbani. Ugonjwa ukirudi, utajua spea hiyo haikuwa na kosa, na utakuwa na ya akiba.